Maji Chini ya Kontena

Jumatatu, 2 Septemba

Jecha alikuja asubuhi, Usama yuko begani kwangu anacheua maziwa. Nikamsogezea kiti, akakataa. Mtu akikataa kiti kwa mwanamke anayekodisha viti, jua hakuja kwa heri.

"Shemegi," akasema, "uwanja wangu nautaka. Karafuu mwaka huu zimebeba, nataka nimwage sakafu ya kuanikia pale barabarani. Kino chombo chako kiondoke kabla hatujapanda mikarafuuni."

"Kiende wapi, Kaka Jecha?"

"Popote. Ardhi ya Mungu pana."

"Na kisipoondoka?"

"Chake kuna watu wa chuma chakavu, wana gesi. Watakikata, utauza vipande. Hutakosa cha mkononi."

Kisha akampapasa Asma kichwa, "hujambo mwanangu," akaenda zake.

Chombo anachokisema ni kontena langu. Naandika tena: langu. Nililinunua kwa bangili zangu za harusi na zamu yangu ya mchezo wa pesa, mwaka ule Asma alipoanza kutambaa. Ndani nimeweka vyombo vya shughuli: masufuria makubwa, masinia, miiko, majamvi, viti vya plastiki. Mgogoni yote, na mpaka Wawi na Pujini, mtu akioza mwanawe au akisoma maulidi anakuja kwangu. Nyumba hii inakula kutoka mle ndani. Hamdan, mume wangu, anajenga mahoteli Unguja, na pesa yake inakuja kama mvua ya mchoo, leo ipo kesho husikii.

Jecha ni kaka yake. Siku kontena lilipoletwa, Jecha huyuhuyu ndiye aliyeonyesha gari pa kushushia. "Wekeni hapa, hapa ni kwetu sote." Leo "kwetu" imegeuka "kwangu," wala ulimi haukumnata.

Jumanne, 3 Septemba

Nimempigia Hamdan. "Usitie hofu, mke wangu, n'takwenda nikaseme naye." Atakwendaje yeye na yuko Nungwi?

Ijumaa, 6 Septemba

Usama anaota meno. Sijalala.

Jumanne, 10 Septemba

Hamdan kapiga mwenyewe, jambo ambalo si kawaida yake. Anasema ameshazungumza na kaka yake, kaka yake hataki kusikia, na yeye hawezi kumvunjia heshima mtu aliyemlea. Sawa, hilo nalielewa. Jecha alimlipia Hamdan skuli baada ya baba yao kufariki, na Hamdan mpaka leo akimsikia sauti anasimama, hata kama ni kwenye simu.

"Basi livuteni mlitie nyuma ya nyumba yetu," akaniambia. "Uwe nalo karibu, usipate taabu ya kwenda barabarani na mtoto mgongoni."

"Litavutwa na nani?"

"Tutalivuta. Mimi nakuja wiki ijayo n'simamie."

Nikamwombea dua. Maskini Hamdan, nikasema moyoni, kabanwa katikati ya kaka na mke.

Jumapili, 15 Septemba

Maulidi kila upande. Vyombo vyote viko nje, kontena tupu linalia ukiligonga. Mwenye gari la winchi wa Chake nimemuuliza bei. Kwa bei ile nanunua kontena jingine, naliacha hili liote kutu. Nikamwambia ahsante, baba, Mungu akupe wateja wenye akili kama yako.

Jumatano, 18 Septemba

Nina hasira, mtanisamehe mwandiko.

Nilikwenda kwa Nyange. Huyu ndiye bingwa wa kuvuta vyombo vya bahari hapa kwetu. Desturi inajulikana: mtu akimaliza kuunda chombo huku juu, na kinatakiwa kiteremshwe mkondoni, hatafuti vibarua. Anapika wali, Nyange anakuja na kamba yake, mji mzima unashika. Hakuna anayelipwa, na hakuna anayejificha nyumbani, kwa sababu kujificha siku ya kuvuta chombo ni aibu unayozikwa nayo.

Nikamkuta barazani na wenzake, wanacheza bao. Nikatoa salamu, nikasimama na mtoto wangu, nikasema shida yangu. Nitapika wali na samaki wa nazi, nikasema, naomba mnivutie chombo changu.

Nyange akaweka kete. "Bi Khairiya, kontena si chombo."

"Jecha mwenyewe anakiita chombo."

"Kuita ni kuita. Mke wangu mimi akitaka kitu ananiita sultani."

Wakacheka wote. Mimi sikucheka.

"Basi n'ambie wewe chombo ni kitu gani."

"Chombo ni kile chenye maji chini yake," akasema, na alivyosema ungedhani anafasiri aya. "Siku utakayoniambia Nyange, kontena langu lina maji chini, n'takuja na kamba yangu hata kama nina homa. Ila lile lako lina mchanga chini. Hiyo ni nyumba ya bati, bibi. Nyumba ya bati mwenyewe hulipa wachukuzi."

Wakasema kweli, kweli, kasema kweli. Bao likaendelea.

Mimi si mjinga. Watu wale wote wanachuma karafuu za Jecha, wanalipwa naye kwa pishi, na msimu ndio huu unaingia. Wangesema tu "tunamwogopa Jecha," ningewaheshimu. Lakini wananifundisha mimi maana ya chombo! Mamaake Nyange alipofariki, nani alitoa majamvi? Nani alitoa sufuria ya chai na masinia ya hitima? Sikuchukua kitu, kwa sababu mimi sikodishi msiba. Wamekula katika vyombo vyangu mpaka wakaramba vidole, na leo hawajui chombo ni nini.

Alhamisi, 19 Septemba

Mama mkwe, Bi Mwanawema, kaja kukaa kwetu. Kisa na sababu, kwa Jecha kuna vumbi la sementi linampalia. Kaja na mto wake na malalamiko yake. Chai yangu nyepesi. Samaki wangu hana chumvi. Usama nimemfunga vibaya. Juu ya kontena, neno hata moja. Wanawe wawili, mmoja ananifukuza na mwingine haji, na yeye anaulizia chumvi.

Ijumaa, 27 Septemba

Hamdan hakuja. Kasema mshahara umechelewa. Wiki ijayo inshaallah.

Jumamosi, 5 Oktoba

Tumejaribu wenyewe. Ruweida, jirani yangu, mshoni, mwanamke ambaye ulimi wake unaweza kuchuna mbuzi, kaazima jeki ya gari ya mumewe. Tulikuwa wanawake watupu, wale wa kundi la mchezo, na magogo ya mnazi niliyoomba shambani. Fikira ilikuwa tulinyanyue pembe kwa pembe, tutie magogo chini, tusukume.

Pembe ya kwanza ikanyanyuka. Tukapiga vigelegele kama tumeona bi harusi. Tukatia gogo. Pembe ya pili ikanyanyuka. Tulipoanza kusukuma, gogo la mbele, kumbe bovu ndani, likasagika. Kontena likashuka, likaguna, likakaa palepale kama mtu uliyemwamsha akageukia ukutani.

Wachumaji wa Jecha walikuwa wanapita na magunia yao. Mmoja akapaza sauti, "Mama zangu, hilo si unga wa chapati!" Ruweida akamjibu, "Hata ungekuwa unga, wewe ungekula tu usikande!"

Tulicheka wakati ule. Sasa hivi mgongo unaniuma pale pa kumbebea mtoto, na nikiikumbuka sauti ya yule kijana nataka kutupa kitu.

Jumapili, 6 Oktoba

Asma kaniuliza, "Mama, watakata kontena letu kwa kisu?" Nikamwambia halikatwi. Akauliza nani kasema. Nikamwambia mimi nimesema. Akaridhika, akaenda kucheza. Laiti na mimi ningekuwa na mtu wa kuniambia hivyo.

Jumatatu, 14 Oktoba

Jecha kaleta mafundi. Wamechimba uwanja wote kushusha sakafu, wamelizunguka kontena kama kaburi. Limebaki juu ya kisiwa chake cha mchanga, na mpaka kulifikia natia ubao. Nikamwambia, "Kaka Jecha, hata mlango nisifungue?"

"Funga na usifungue tena, shemegi. Jumamosi ya tarehe ishirini na sita watu wa gesi wanakuja. N'shalipa."

Akatia mikono mifukoni. Halafu akasema neno ambalo nimeligeuza kichwani mchana kutwa. Akasema, "Usinichukie mimi. Mwanamme mwenye mke ana lake la kusema na mke wake."

Nikadhani ananifanyia mafumbo ya kiume. Nikaenda zangu.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimemweleza Hamdan habari ya gesi. Akasema, "Pengine ni kheri, Khairiya. Umechoka. Unalea, unasugua masufuria ya watu. Watu wanasema."

"Watu gani? Wanasema nini?"

"Watu tu."

Nikamwambia mimi nataka mume wa kuja kushika kamba, wa kunipa pole ninao wengi. Akasema laini inakatika. Laini ya Nungwi hukatika palepale pa kujibiwa.

Jumamosi, 19 Oktoba

Wingu kutoka asubuhi. Jioni imenya.

Jumapili, 20 Oktoba

Imenya.

Jumatatu, 21 Oktoba

Inanya bado. Nguo za Usama hazikauki, natundika jikoni zinanuka moshi. Karafuu za watu majamvini zinaota ukungu, kila nyumba ina mtu anayelalamika. Mikarafuu inateleza, hakuna anayepanda. Bi Mwanawema anasema hata mvua za siku hizi hazina chumvi.

Jumanne, 22 Oktoba

Leo nimemwona Ruweida anapita mbio chini ya mwavuli uliovunjika, anapiga kelele, "Khairiya! Njoo uone! Njoo, njoo!"

Nikafunika mtoto kwa khanga, nikamfuata mpaka barabarani. Shimo alilochimba Jecha kwa ajili ya sakafu limejaa. Maji ya barabara yote yameingia mle. Kile kisiwa cha mchanga kimeliwa na maji pembeni, na chini ya kontena, kutoka mbele hadi nyuma, maji yanapita. Ubao wangu unaelea.

Nilitaka kulia. Masufuria hayana neno, lakini majamvi yangu yako mle ndani, chini kabisa.

Ruweida hakuwa na habari na majamvi. Alishaondoka. Nilimkuta barazani kwa Nyange, wanaume wote wamejaa pale kwa sababu hakuna kazi, na yeye kasimama kwenye mvua, hataki kupanda barazani.

"Nyange! Toka!"

"Kuna nini, Bi Ruweida?"

"Chombo ni kitu gani?"

"Ah, mwanamke wewe..."

"Chombo ni kitu gani? Sema, wenzio wanakusikia. Ni wewe uliyesema, au ni homa?"

Mzee mmoja wa kando akaanza kucheka taratibu. Alikuwa ameshaelewa.

"Nilisema," Nyange akajibu, "ni kile chenye maji chini yake."

"Basi inuka ukaangalie. Kontena la Khairiya lina maji chini yake. Bado kutia tanga."

Baraza likapasuka. Walicheka mpaka mmoja akaanguka juu ya bao, kete zikamwagika. "Umenaswa, Nyange! Kwa kauli yako mwenyewe!" "Sultani, kamba yako iko wapi?" Nyange naye akacheka, lakini nilimwangalia macho, haya zilikuwa zimemwingia. Mtu wa Pemba akishikwa kwa neno alilolisema barazani hana pa kutokea. Angeweza kumkataa mwanamke, ila kuikataa kauli yake mbele ya wenzake asingeweza.

"Bi Khairiya," akaniambia, "pika Alhamisi. Ardhi ikiwa telezi ndiyo vizuri, magogo yatakwenda. N'takuja na kamba, na hawa wote watakuja. Asiyekuja n'tamtaja."

"Na Jecha?" mtu akauliza.

"Jecha kaajiri wachumaji. Leo kuna karafuu ya kuchuma? Hakuna. Basi leo hatuna tajiri."

Nilitaka kufurahi. Kweli nilitaka. Lakini nikafika nyumbani na hasira yangu ileile. Mwezi mzima nimelia na watu hawa kwa haki, hawakusikia, wamekuja kusikia kwa mzaha!

Jumatano, 23 Oktoba

Nimechambua mchele, nimekuna nazi. Samaki kaleta mumewe Ruweida. Hamdan nimempigia mara moja tu, nimemwambia kesho. Akasema, "Kesho? Mbona ghafla?" Nikakata mimi.

Alhamisi, 24 Oktoba

Leo ndiyo siku ya kuandika, hata kama macho yanafumba.

Walikuja baada ya chai. Mvua ilikuwa imepumzika lakini mbingu bado nzito. Nyange kavaa kofia mpya, kaleta kamba ya mkonge nene kama mkono wa mtu. Wakaingia kwenye matope mpaka magotini, wakaingiza mitaimbo, wakatia magogo, magumu safari hii, ya mwembe. Wakafunga kamba kwenye pembe za chuma.

Mimi na wenzangu tulikuwa na majiko ng'ambo ya njia, chini ya turubali. Asma namtazama kwa jicho moja, Usama nimemkabidhi Bi Mwanawema, sufuria ya wali inachemka. Jecha alikuja akasimama upande wake, mikono nyuma. Nilishangaa. Nilidhani atapiga kelele, lakini uso wake ulikuwa wa mtu anayeona mambo yanakwenda alivyotaka.

Nyange akapaza sauti:

"Kizito hichooo!"

"Chepesi!"

"Kizito hichooo!"

"Chepesi!"

Likanguruma. Likatoka majini kwa sauti kama ya kinywa cha mtoto kinachoacha ziwa la mama. Likapanda njiani. Watoto wakapiga kelele, wanaume wakavuta, magogo ya nyuma yakakimbizwa mbele, likaja, likaja, mita kwa mita, linatetemeka na vyombo vyangu vinalialia ndani.

Njia yetu pale mbele inagawanyika. Kushoto unakwenda nyumbani kwetu, kwenye ardhi ya kina Hamdan, nyuma ya nyumba. Kulia njia inapinda tena kuelekea barabara ya chini, ambako kuna kiwanja alichoniachia baba yangu, kidogo, chenye mifenesi. Mpango ulikuwa kushoto. Hamdan alisema kushoto, na mimi nilikubali, nikisema mume wangu ananihurumia na taabu ya kutembea na mtoto.

Walipofika karibu na njia panda wakapumzika. Nilikwenda kumchukua Usama anyonye. Bi Mwanawema alikuwa amekaa kwenye kibao, anamtikisa, anaangalia kontena. Nikakaa karibu yake, nikamtia mtoto ziwani.

"Linakwenda wapi?" akauliza.

"Nyuma ya nyumba, mama. Kama alivyosema Hamdan."

Akatema mate pembeni. "Nyuma ya nyumba gari linapita?"

"Halipiti."

"Mtu wa Wawi akitaka masufuria makubwa atayabeba kichwani?"

Nikamtazama. Mwanamke huyu, tangu afike kwangu, hajasema maneno mawili yenye maana moja.

"Khairiya, mimi nina watoto wawili na wote nimewazaa. Ndiyo maana nimenyamaza. Lakini wali wako nimekula mwezi mzima, ninaulalamikia na ninaula. Leo umenikwama hapa." Akashika koo. "Jecha ni mdomo tu. Maneno ni ya mumeo. Sauti ya simu ilikuwa wazi, mimi nipo ukumbini kwa Jecha, nasikia. Alisema, 'Kaka, litoe barabarani. Likifika nyuma ya nyumba litajifia lenyewe, na yeye atatulia.' Anaona haya watu kusema mkewe ndiye anayelisha nyumba. Jecha akamwambia, kwa nini usimwambie mwenyewe? Akasema, 'Mimi hataniskia. Wewe anakuogopa.'"

Usama alikuwa ananyonya. Nakumbuka aliniuma, hivyo vijino vyake vipya, na mimi sikusikia maumivu.

Mwezi mzima na zaidi nimemchukia Jecha, nimemwombea mabaya kwenye sala. Na yule niliyekuwa namwita maskini, ndiye. Wiki ijayo, wiki ijayo. Laini inakatika. "Watu wanasema." Bangili zangu mimi! Mwenyewe alizivua mkononi mwangu siku ile tunakwenda kuziuza, akanibusu mkono, akasema Mungu atatupa nyingine.

"Kwa nini unaniambia sasa?" nikamuuliza, na sauti yangu sikuijua.

"Kwa sababu wanaume wale hawatavuta mara mbili," akasema. "Na samaki wako leo ana chumvi."

Nilimrudishia mtoto. Nikafunga khanga vizuri kiunoni, nikatembea kwenye matope mpaka njia panda. Wanaume walikuwa wameshika kamba tena, Nyange ananyoosha mkono kushoto.

"Nyange," nikasema. "Kulia."

"Kulia wapi, bibi?"

"Kiwanjani kwa marehemu baba yangu. Chini ya mifenesi."

Watu wakaangaliana. Kila mtu pale alijua maana yake: mwanamke aliyeolewa anatoa mali yake kwa mumewe anaipeleka kwao. Kamba ikalegea mikononi mwao. Jecha ndipo alipotoa sauti kwa mara ya kwanza.

"Shemegi, umekosea njia."

"Sijakosea."

"Mumeo kasema kushoto."

"Mume wangu yuko Nungwi, Kaka Jecha. Kamba iko hapa."

"Nyange, mimi n'nakwambia kushoto. Mvua itaisha, na mikarafuu ipo."

Nyange alisimama katikati na kofia yake mpya imejaa matope. Nilimwona anapima. Sikumwombea, sikumbembeleza. Nilikuwa nimeshachoka kuomba. Nilichosema ni hiki:

"Wewe mwenye kauli. Chombo cha mtu kikivutwa, kinafuata neno la nani?"

Akajikuna shingo. "La mwenye chombo."

"Na mwenye chombo unamjuaje?"

Akaangalia majiko, akaangalia moshi, akaangalia masufuria. "Ndiye aliyepika," akasema polepole.

"Nani kapika?"

Ruweida kule nyuma akagonga upawa kwenye sufuria, kishindo kikubwa.

"Haya!" Nyange akapiga kelele, kama aliyejikasirikia mwenyewe. "Wali wa Khairiya, njia ya Khairiya! Asiyetaka aachie kamba na asiguse sinia! Kizito hichooo!"

Waliachia wawili watatu, wakasimama na Jecha. Waliobaki wakaitikia. Hawakutosha, lilikwama pale njia inapopinda. Basi tukaacha majiko. Wanawake tukashika kamba nyuma yao, Ruweida, mimi, wale wote wa mchezo, na hakuna aliyetuambia mwanamke hashiki kamba ya chombo.

Sijui tulivuta muda gani. Najua nilivuta nikiwa nalia na hasira, na kila "chepesi" nilikuwa nasema jina la mtu.

Limekaa kiwanjani kwangu upogo, pembe moja juu kuliko nyingine. Gogo la mwisho limepasuka limebaki chini, halitoki. Wamekula wali kwenye masinia yaliyotoka ndani, wengine wima, maana mvua ilianza tena. Jecha hakula.

Ijumaa, 25 Oktoba

Majamvi matatu yameoza. Mengine nimeyaanika uani. Mikono yote malengelenge, siwezi kukamua nguo.

Jecha kanikuta njiani. Hakusimama, ila alipunguza mwendo. "N'likwambia usinichukie mimi," akasema. Nikamwambia, "N'na nafasi ya wote wawili, Kaka Jecha." Akaenda. Na bado nadhani mtu anayekubali kuwa mdomo wa mwenziwe ana dhambi yake mwenyewe.

Jumapili, 27 Oktoba

Hamdan kapiga. Habari zilishamfika, Nungwi laini haikatiki kwa umbea. Nilimwacha aseme. Kasema nimemdhalilisha. Kasema watu watadhani nimemwacha. Kasema alitaka nipumzike. Kisha sauti ikashuka, akasema, "Umelipeleka kwenu. Na mimi je? Mimi umeniweka wapi?"

"Sikukuweka popote," nikamwambia. "Kontena halina miguu, ndiyo maana watu wamelivuta. Wewe unayo miwili. Mimi na wanao tupo nyumbani kwako, hatujahama. Mama yako yupo hapa. Ukiwa na neno na mimi, uje uniambie mimi, kwa mdomo wako."

"Umekasirika."

"Sana."

"Mpaka lini?"

"Hilo nalo unataka Jecha aniulize?"

Safari hii hakukata. Nikakata mimi.

Jumamosi, 2 Novemba

Harusi Pujini. Gari limefika mpaka mlangoni pa kontena, limepakia, limeondoka. Mlango unafunguka kwa shida kwa sababu ya ule upogo, lazima uupige teke. Asma kajifunza kuupiga.

Ijumaa, 8 Novemba

Hamdan kashuka na boti ya leo. Kaingia uani adhuhuri, mkoba begani, kakonda. Asma alimrukia. Usama hakumjua, akalia. Bi Mwanawema akamwangalia kutoka juu mpaka chini, akaingia ndani.

Mimi nilikuwa nachambua mchele. Sikusimama. Alikaa kwenye kiti cha plastiki mbele yangu, akaweka mikono magotini. Nilikuwa nimejitayarishia maneno wiki nzima, makali yote, na alipokaa vile nikaona vidole vyake vimepasukapasuka na sementi, nikasahau nusu. Nusu iliyobaki ilitosha.

"Nianzie wapi?" akauliza.

"Anzia kwa mama yako, umemfanya abebe siri ya wanawe wawili. Halafu nenda kwa kaka yako ukamwambie asikusemee tena. Halafu nenda barazani kwa Nyange, ukae na wale waliovuta badala yako, uwasikie watakavyokucheka. Ukimaliza rudi."

"Na wewe?"

"Mimi wa mwisho. Mimi bado."

Akainuka. Nilimsikia ndani na mama yake, sauti ya mama yake ndiyo iliyokuwa juu. Kisha akatoka, akavaa viatu, akaelekea upande wa kwa Jecha bila ya kunitazama.

Magharibi imeshaingia na hajarudi. Wanangu wamekula. Chakula chake nimekifunika kwa kawa ya ukindu.